"Run out of": kuishiwa, si kwisha

Jioni moja pale Forodhani, mgeni alimwomba kijana wa mashine ya miwa gilasi moja ya juisi. Miwa ilikuwa imemalizika. Chini ya meza yamebaki makapi na maganda ya ndimu tu. Kijana akajibu, "We are finished." Mgeni akadhani biashara imefungwa, akashukuru, akenda zake. Na pembeni kulikuwa na dumu la ukwaju baridi ambalo halijaguswa.

"We are finished" ni "tumemaliza", au hata "tumekwisha", kauli ya mtu aliyefikwa na balaa. Alichokusudia ni "We have run out of sugarcane juice": tumeishiwa na juisi ya miwa.

Usiifasiri neno kwa neno. "Run" ni kukimbia na "out" ni nje, lakini hapa hakuna anayekimbia. Maana yake ni kwamba kitu ulikuwa nacho, ukakitumia, kikakumalizikia. Duka lisilouza boflo hata siku moja haliwezi kusema "We have run out of bread".

Mpaka kati ya kwisha na kuishiwa tunao katika lugha yetu wenyewe, ndiyo maana naona uchungu watu wanapoukosea. Twasema "unga umekwisha", kiima ni unga: "The flour has run out." Twasema "nimeishiwa na unga", kiima ni mimi: "I have run out of flour." Hiyo "of" huja pale tu kitu kilichokwisha kinapotajwa mbele yake. Ukisema "The flour has run out of" ukanyamaza, msikilizaji anabaki anangoja.

Wakati uliopita ni "ran out": "The boat ran out of fuel near Nungwi." Baada ya "have" au "has" hurudi kuwa "run", "have ran out" ni kosa ninalolisikia kila mara. Na kama kitu bado kipo ila kinaelekea kwisha, sema "We are running out of ice".

Muda na subira pia huisha hivyo hivyo. Wanaotembeza wageni watasikia "My visa runs out on Friday": muda wa viza unakwisha Ijumaa.

Jihadhari na herufi moja tu. "Run out on" ikifuatwa na mtu, kwa "on" badala ya "of", ni kumtelekeza mtu huyo; ile "on" ya "on Friday" ni ya kutaja siku tu. "He ran out on his wife" ni mume aliyemtupa mkewe, wala si aliyeishiwa na chochote.