Wakatoliki na watakatifu: kuabudu au kuombewa?

Hapa Malindi, karibu na bahari, kipo kikanisa kidogo cha Wareno kilichoezekwa makuti, ambacho huhusishwa na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari aliyepita mji huu mwaka 1542 akielekea Goa, India. Baadhi ya majirani zetu hudhani kwamba Wakatoliki humwabudu mtu huyo. Dhana hiyo nimeisikia mara nyingi, nayo huniuma, kwa sababu jibu lake limo katika sala zetu zenyewe.

Sikiliza litania ya watakatifu, yaani sala ya kutaja majina na kuitikia, inavyosaliwa kwa Kiswahili. Anapotajwa Bwana, waumini huitika "utuhurumie". Anapotajwa Petro, Ksaveri au hata Bikira Maria, kiitikio hugeuka kuwa "utuombee". Anayehurumia na kusamehe ni Mungu, ilhali mtakatifu ni mwombezi tu, kama vile mgonjwa anavyomsihi jirani amkumbuke katika dua bila kumfanya jirani huyo kuwa mungu. Ndiyo maana maombezi hayo hayampokonyi Kristo nafasi yake ya mpatanishi mmoja, kwa kuwa watakatifu nao humwomba Mungu kwa njia yake.

Kuhusu sanamu na picha, Mtaguso wa Pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulipambanua heshima inayotolewa kwa picha na ibada impasayo Mungu peke yake, ukafundisha kwamba heshima hiyo humwendea yule aliyechorwa. Hata hivyo, anayemwona bibi kizee akigusa miguu ya sanamu kisha akajigusa paji la uso hawezi kulaumiwa akielewa vingine, na kwa maoni yangu makatekista wetu hulieleza jambo hili kwa haraka mno.

Wapo pia wanaoamini kwamba Papa humfanya mtu kuwa mtakatifu. La hasha, Kanisa humtangaza tu, kama lilivyowatangaza Mashahidi 22 wa Uganda mwaka 1964, na kila tarehe 1 Novemba huwaadhimisha watakatifu wote, wakiwamo wale ambao majina yao hayajulikani.

Kwetu pwani, mtu mwenye jina kama lako ni somo wako, na Wakatoliki humwita vivyo hivyo mtakatifu ambaye mtu amebatizwa kwa jina lake. Mtoto aitwaye Fransisko hufundishwa kuiga imani ya somo wake na kumsihi amwombee. Lakini sala yake ya jioni huianza, na kuimaliza, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.