Acha kufuta kashe kila asubuhi

Wiki iliyopita niliitwa kwenye steshenari moja pale Mwenge. Mwenye duka, dada ambaye kutwa nzima anawajazia wanafunzi fomu za mtandaoni, alikuwa amechoka. Foleni imefika nje, na ukurasa uleule anaoufungua tangu asubuhi unazunguka tu. "Fundi, usiniambie ni uchafu," akasema kabla sijakaa. "Hii kompyuta naisafisha kila siku, nafuta kila kitu." Na kweli alikuwa anafuta: historia, vidakuzi, kashe (nakala za vipande vya kurasa ambazo kivinjari, yaani Chrome au Firefox yako, hujiwekea kwenye kompyuta), vyote, kwa programu inayojiendesha kila kompyuta ikiwashwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa huo.

Nimelikuta jambo hili Kariakoo, Sinza na Tegeta, maofisini na majumbani, na linaniuma. Watu wananunua bando kwa jasho lao, halafu wanalichoma wakidhani wanajisaidia.

Ukifungua ukurasa, kivinjari hakileti kitu kimoja. Kinaomba maandishi, kisha nembo, picha, aina za herufi, faili za mpangilio na programu ndogondogo za JavaScript. Si ajabu ukurasa mmoja ukawa na maombi zaidi ya mia. Maombi hayo yanasafiri. Kutoka Dar hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 7,500, na mwanga ndani ya nyuzi za mkongo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 75, na hapo hatujahesabu kwamba mkongo hauendi moja kwa moja, unafuata bahari na kupita kituo hadi kituo. Tena kabla herufi ya kwanza haijafika, kivinjari kimeshauliza anwani ya tovuti, kimeshabisha hodi kwa seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti hiyo, na kuitikiwa, kimeshakubaliana nayo namna ya kuficha siri. Hizo ni safari kadhaa, na bando la kasi kubwa halipunguzi hata moja. Panua Barabara ya Morogoro utakavyo, magari mengi zaidi yatapita, lakini Kimara haitasogea karibu na Kariakoo.

Kashe ndiyo inayosogeza bidhaa. Kivinjari kikishaleta nembo na faili za mpangilio mara moja, kinaziweka kwenye diski, kama Mangi wa mtaani kwako anavyoshusha sukari kutoka Kariakoo ili usiifuate huko kila unapotaka chai. Kufuta kashe kila asubuhi ni kumwambia Mangi amwage stoo nzima alfajiri.

Kwa yule dada nilibonyeza F12, nikaenda kwenye kichupo cha Network, tukafungua ukurasa wake mara mbili. Mara ya pili, mbele ya faili kubwa karibu zote palikuwa pameandikwa disk cache: hazikutoka nje ya duka lake. Niliizima ile programu ya usafi na kuiondoa kabisa.

Kwenye magrupu ya WhatsApp bado unazunguka ushauri wa kuandika about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani, kwenye Firefox na kuwasha network.http.pipelining. Zamani ulikuwa na maana. Vivinjari vilizoea kufungua njia sita tu kwa kila seva, na katika kila njia ombi moja lilisubiri lililotangulia lijibiwe; mpangilio ule uliruhusu kutuma maombi kwa mfululizo bila kusubiri. Mwaka 2015 ikaja HTTP/2, toleo jipya la lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, inayopitisha maombi mengi kwa pamoja katika njia moja, na mwaka 2017 Firefox, toleo la 54, wakauondoa mpangilio huo. Ukiuandika leo utahifadhiwa, lakini hakuna kitu ndani ya Firefox kinachousoma. Kwa hiyo ukiletewa orodha ya namna hiyo, angalia kwanza iliandikwa lini.

Baada ya kashe, mpangilio ninaoupigania ni kuzuia matangazo na wafuatiliaji. Tangazo moja huweza kutoka kwa seva ambayo kivinjari chako hakijawahi kuongea nayo, basi anwani inaulizwa upya na hodi zinapigwa upya. Kwenye Firefox weka ulinzi wa faragha kwenye ngazi ya Strict, au ongeza uBlock Origin, ambayo inakubali hata kwenye Firefox ya simu za Android. Kwenye Chrome ya kompyuta tumia uBlock Origin Lite. Magazeti ya hapa nyumbani yanayoishi kwa matangazo mimi nayaruhusu, kwa sababu nataka yaendelee kuwepo.

Chrome pia ina mpangilio wa kupakia kurasa mapema, kabla hujazibofya. Kama intaneti yako haihesabiwi MB, uache umewashwa. Kama unaishi kwa bando la siku, uzime, maana unalipia kurasa ambazo huenda usizifungue. Na ile sehemu ya kuokoa data iliyokuwa kwenye Chrome ya simu usiitafute, iliondolewa mwaka 2022. Kwa simu ndogo, Opera Mini bado inabana kurasa kwenye seva zake kabla hazijakufikia.

Kuhusu kuhamia DNS (huduma ambayo kivinjari huiuliza anwani za tovuti) ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8, pima kwanza kwa ping, amri ya kompyuta inayopima seva inachukua muda gani kujibu. Kama ya mtoa huduma wako inajibu haraka zaidi, baki nayo.

Siku ukurasa ukigoma kubadilika, fomu ikaonyesha tarehe ya mwaka jana au vitufe vikakaa ovyo, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja. Kivinjari kitauleta upya ukurasa huo peke yake. Yule dada nimemwandikia kwenye karatasi, ameibandika juu ya skrini.