Kikomo cha samaki kwa siku: wanaohesabiwa na wanaosahaulika

Kikomo cha siku ni idadi ya juu ya samaki wa aina fulani ambayo mvuvi mmoja wa burudani anaruhusiwa kubaki nayo ndani ya siku moja. Maelezo hayo ni mafupi, ila wengi wanaokutwa na makosa walikwama kwenye maneno yake matatu: kubaki, mmoja na siku.

Kubaki kwanza. Samaki akishawekwa kwenye sanduku la barafu au kufungwa kamba ubavuni mwa boti, amehesabiwa. Kumla humo humo chomboni, kumgawia mwenzako au kumkatakata awe chambo hakumfuti kwenye hesabu. Kosa linalojirudia sana ni la kubadilisha: mtu ametimiza kikomo, anapata mkubwa zaidi, anamtupa mdogo aliyekwisha kufa ili amweke mkubwa. Sehemu nyingi ni marufuku, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu samaki wawili wamekufa na mmoja tu ameandikwa.

Mmoja maana yake ni mtu. Kikomo kikiwa 2 na wavuvi ni wanne, chombo kinaweza kurudi na 8, lakini usidhani kila aliyemo anahesabiwa. Kwa mfano, katika maji ya serikali ya shirikisho ya Marekani kwenye Ghuba ya Meksiko, nahodha na mabaharia wa boti ya kukodi hawana fungu lao la changu mwekundu. Baadhi ya aina pia huwekewa kikomo cha chombo kizima, hata wavuvi wawe wengi kiasi gani. Siku nayo kwa kawaida huanza na kuisha saa sita usiku, hivyo anayevua usiku kucha atenganishe samaki wa kabla na wa baada. Tofauti na hapo kuna kikomo cha umiliki, yaani idadi unayoweza kuwa nayo kwa jumla, pamoja na waliomo kwenye jokofu nyumbani ikiwa kanuni imesema hivyo.

Kikomo karibu kila mara huenda pamoja na urefu. Mlaze samaki juu ya ubao wa kupimia, mdomo umefungwa na pua ikigusa kizuizi. Kisha angalia kanuni inataka urefu gani: wa jumla, hadi ncha ya mkia, au wa hadi kwenye panda ya mkia. Kwa samaki mwenye mkia uliogawanyika sana, tofauti ya vipimo hivyo viwili ni sentimita kadhaa, nayo yatosha kumfanya halali awe haramu. Usikate minofu baharini isipokuwa umeruhusiwa waziwazi, maana mnofu hauonyeshi urefu wala aina.

Sasa udhaifu wa kanuni yenyewe. Kikomo kinamfunga mtu, hakiifungi bahari. Wavuvi wakiongezeka maradufu, samaki wanaoondolewa wanaweza kuongezeka maradufu bila hata mmoja kuvunja sheria. Ndiyo maana mamlaka hugusa vitu viwili kwa pamoja, idadi na urefu. New Zealand, Aprili 2014, katika eneo la kaskazini-mashariki, ilishusha kikomo cha snapa kutoka 9 hadi 7 na kupandisha urefu wa chini kutoka sentimita 27 hadi 30. Kwa besi mwenye milia wa pwani ya mashariki ya Marekani, mwaka 2023 uliwekwa ukanda wa urefu: mmoja kwa siku, mwenye inchi 28 hadi 31, ili wazazi wakubwa wabaki majini. Jike kubwa hutoa mayai mengi mno kuliko majike madogo kadhaa. Kwa chewa hatari ni nyingine: wengi wao huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakikua, hivyo ukichagua wakubwa tu unawamaliza madume.

Lakini kila unapobana urefu, unaongeza wanaorudishwa, na hapo ndipo hesabu inaposahaulika. Tuseme kikomo ni 2, umepata 12, umerudisha 10, na wawili kati ya hao 10 wakafa. Umeua 4. Sanduku linaonyesha nusu.

Kina huua wengi. Katika mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, kwa hiyo samaki anapovutwa, hewa iliyo kwenye kifuko chake hutaka kutanuka mara nne. Macho yanatokeza, tumbo linavimba, mfuko wa chakula unasukumwa hadi mdomoni. Ukimtupa hivyo anaelea, anapigwa jua, analiwa na ndege. Usimtoboe kitu kile kinachotokeza mdomoni. Si kifuko cha hewa. Mteremshe kwa uzito: kibano kwenye taya ya chini, risasi chini yake, kisha mrudishe kilindini ambako mgandamizo utaibana hewa tena, hapo umwachie. Katika kanuni za Marekani kifaa hiki kinatakiwa kiwe na uzito usiopungua wakia 16 (kama gramu 450) na kamba isiyopungua futi 60 (kama mita 18). Chewa mkubwa huhitaji uzito zaidi, la sivyo haendi chini. Kifaa kifungwe kabisa kabla ya kutupa mshipi wa kwanza. Kukitafuta samaki akiwa sakafuni ni kuchelewa.

Kwa chambo cha asili tumia ndoana ya duara (ncha yake imepinda kuelekea ndani), na usiivute kwa nguvu samaki akila: kaza mshipi polepole, ndoana itajinasa kwenye pembe ya mdomo. Akiwa ameimeza, kata uzi karibu na mdomo, usiivute. Mshike kwa mikono iliyoloa, usimwinue kwa matamvua.

Kikomo cha samaki wa miamba kikitimia, ondoka kwenye mwamba huo. Kuendelea hapo "kwa kuwarudisha" kwenye mita 40 ni kuendelea kuua. Hamia kukokota chambo juu juu kwa nguru au jodari wadogo kama msimu wao uko wazi, ambao hawatoki kilindini. Nao wana kikomo chao, kihesabu upya.