Je, wajua kwa nini ndoo mbili za utomvu wa mepo huishia chupa moja ya shira?

Mepo ni ule mti ambao jani lake jekundu liko katikati ya bendera ya Kanada. Onja utomvu wake ukiwa ndio kwanza umetoka mtini, utadhani umepewa maji ya kisima. Utamu upo, lakini wa kutafuta kwa ulimi, maana sukari ni kama asilimia 2 tu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwenye mepo, aliyetia maji ni mti wenyewe, na kazi ya mpishi ni kuyatoa.

Wazoefu hutumia kanuni ya 86. Gawanya 86 kwa asilimia ya sukari, upate lita za utomvu zinazotakiwa kwa lita moja ya shira. Asilimia 2 inadai lita 43, ndiyo maana watu husema 40 kwa mkato. Mti wenye asilimia 1 unadai 86, yaani kuni mara mbili kwa chupa ileile. Pwani, wapika asali ya tembo wamepata nafuu: utomvu wa mnazi una sukari zaidi ya asilimia 10, na haungoji baridi.

Mepo inangoja. Usiku ukishuka chini ya sifuri, gesi iliyomo ndani ya mbao husinyaa na mti huvuta maji kutoka mizizini. Mchana jua likiyeyusha barafu, gesi inatanuka na kusukuma utomvu utoke penye upenyo wowote. Hali hiyo huko Quebec, Kanada, na Vermont, Marekani, hupatikana majuma machache tu, kati ya Februari na Aprili. Mwenye mti mnene wa sentimita 30 hivi hutoboa tundu la milimita 8, kina cha sentimita 4, likiinama kidogo kwa nje, kisha hugongomea kibomba. Wapo wanaochonga kibomba hicho kwa kijiti chenye kiini laini wanachokitoa kwa waya. Ndoo ya chini lazima iwe na mfuniko, na utomvu upikwe mapema, kwani huchacha kama maziwa.

Sasa jiko. Sufuria ndefu haifai hapa, kwa sababu mvuke hutokea juu ya uso wa maji, na uso wa sufuria ni mdogo. Ndiyo maana mafundi wa nyumbani hulaza pipa la chuma la lita 200, wakatoboa ubavu wake wa juu na kupachika trei za chuma kisichoshika kutu, mfano wa zile za pilau kwenye meza za harusi. Moto unakokwa ndani, bomba la moshi linasimamishwa nyuma. Asiye na pipa hupanga tofali za saruji. Tatizo ni kwamba ukimimina utomvu baridi, trei nzima inaacha kuchemka. Basi huning'iniza juu yake kopo lenye kitundu, utomvu udondoke polepole huku ukipata moto. Povu likipanda, siagi kiasi cha punje ya mahindi hulituliza papo hapo.

Waanishinaabe na mataifa mengine ya asili ya Amerika Kaskazini walijua njia nyingine ya kuokoa kuni: kuacha utomvu ugande usiku na kutupa barafu, kwani sukari nyingi hubaki kwenye kimiminika. Wapishi wa nyumbani bado hufanya hivyo.

Yote haya ni kazi ya nje. Ukipikia jikoni, lita zaidi ya 40 za maji zitageuka mvuke na kuishia kwenye dari na kuta zako.

Shira huiva ikifika nyuzi 4 hivi juu ya joto ambalo maji huchemkia mahali hapo siku hiyo, kwa kuwa kiwango hicho hubadilika na mwinuko na hali ya hewa. Ikitolewa mapema huota ukungu. Ikizidi, sukari huganda chini ya chupa. Dakika za mwisho usiende hata kupokea simu, shira iliyobaki kidogo huungua ghafla. Chota kwa mwiko, uinue: ikiacha kudondoka tone kwa tone na kuning'inia kama pazia jembamba ukingoni, epua, uchuje kwa kitambaa kizito ingali moto.