Mkaguzi wa Magereza Asilipwe na Anayemkagua

Nchini Afrika Kusini, ukaguzi huru wa magereza uko chini ya ofisi ya Jaji Mkaguzi, kwa mujibu wa Sheria Na. 111 ya 1998. Mfungwa akifa, akitengwa au askari wakimtumia nguvu, mkuu wa gereza anatakiwa kumtaarifu jaji huyo mara moja.

Kazi ya kila siku hufanywa na wakaguzi wa kiraia, ambao jaji huwateua baada ya umma kupendekeza majina. Mkaguzi huzungumza na mfungwa faraghani, huandika lalamiko kwenye rejesta, kisha hulijadili na mkuu wa gereza. Lisipotatuliwa hupelekwa kwenye kamati ya wakaguzi au kwa jaji mwenyewe.

Hapo ndipo mambo huharibika. Gereza likijua siku ya ugeni, mabweni hupigwa deki. Mfungwa aliyechaguliwa na askari atasema chakula ni kizuri, na nani wa kumlaumu? Kwa hiyo mkaguzi ajichagulie mwenyewe wa kuzungumza nao. Aanzie seli za waliotengwa na wodi ya wagonjwa, alinganishe majina ya daftarini na watu anaowaona kwa macho, kisha baada ya wiki moja au mbili awarudie wale wale kujua kama wamelipiziwa kisasi. Lalamiko lisiandikwe "limetatuliwa" kwa kuwa tu limezungumzwa. Mwenye kuthibitisha ni aliyelalamika.

Hata hivyo, mkaguzi hodari haponyi sheria mbovu. Sheria hiyo hiyo iliiachia Idara ya Magereza gharama zote za ofisi ya jaji, na mtendaji mkuu wa ofisi hiyo akawajibika kifedha kwa kamishna wa idara. Tarehe 4 Desemba 2020, katika shauri la shirika la Sonke Gender Justice, Mahakama ya Katiba ilitamka kuwa vifungu hivyo, 88A(1)(b) na 91, vinakiuka Katiba, ikalipatia Bunge miezi 24 kuvirekebisha.

Fungu la bajeti linalojitegemea na mamlaka ya kuajiri ni lazima, lakini havitoshi. Mapendekezo ya jaji hayaibani idara, hivyo ripoti nzuri yaweza kuishia kabatini. Sheria iweke muda, tuseme siku 60, idara ijibu kwa maandishi imetekeleza nini, imekataa nini na kwa nini, na majibu hayo yachapishwe pamoja na ripoti.