Je, wajua kwa nini chaja ya simu huweza kuungua bila swichi kuu kujizima?

Watu wanaposikia kwamba moto wa nyumba fulani umeanzia kwenye chaja ya simu, wengi huuliza swali la haki kabisa: ilikuwaje swichi kuu, ambayo hujizima papo hapo pasi ikipiga shoti, isijizime safari hii?

Jibu linaanzia kwenye kazi yenyewe ya swichi hiyo. Breka ya soketi, yaani ile swichi inayojizima yenyewe kwenye kisanduku cha swichi kuu, ambayo aghalabu huwa ya ampea 20 au 32, imewekwa ili kulinda nyaya za ukutani zisipitishe umeme kupita uwezo wake, wala haikuwekwa kukilinda kifaa kilichochomekwa. Chaja iliyoharibika ikivuta ampea 2 kwenye umeme wa volti 230, inazalisha joto la wati 460, yaani karibu nusu ya joto la pasi, ndani ya kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani. Kwa breka, ampea 2 ni matumizi ya kawaida tu. Hata fyuzi ya ampea 3 iliyomo kwenye plagi ya pini tatu haitakatika.

Ulinzi unaobaki, basi, ni ule uliojengwa ndani ya chaja yenyewe. Chaja hubadilisha umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu (unaokwenda upande mmoja tu) wa takriban volti 325, ikaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, kisha ikaupitisha kwenye transfoma ndogo inayotoa volti 5 za simu. Katika chaja nzuri, upande wa volti kubwa umetengwa na upande wa simu kwa nafasi ya milimita kadhaa kwenye bodi, na koili za transfoma zimezungushiwa tabaka za utepe wa kuhami. Pale umeme unapoingilia huwekwa fyuzi ndogo, au rezista inayokatika yenyewe, ambayo huzima kila kitu kabla plastiki haijashika moto.

Vitu hivyo havionekani kwa nje, na ndiyo maana mtengenezaji wa chaja bandia huanza kubania hapo: fyuzi huachwa, utepe hupunguzwa, nafasi hubanwa. Mwaka 2016 kampuni ya UL, inayopima usalama wa vifaa, ilipima chaja bandia 400 zilizoigiza zile za Apple, na ni 3 tu zilizofaulu jaribio la uwezo wa kuhimili volti kubwa. Kwangu mimi, matokeo hayo yanatosha kumfanya mzazi afikiri mara mbili kabla ya kununua chaja ya bei ya kutupa.

Kuna hatari nyingine isiyotokana na chaja. Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya, chaja ya pini mbili za mviringo huingizwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma kalamu au kijiti katika tundu la juu, ili vizuizi vya matundu ya chini vifunguke. Pini hizo hazishikwi sawasawa na vyuma vya ndani, kwa hiyo umeme huruka kwa cheche ndogondogo, joto likajikusanya palepale zinapogusana, na baada ya muda alama ya kahawia ikatokea kuzunguka tundu. Hapo fyuzi haisaidii kitu, kwa sababu kiasi cha umeme hakijaongezeka hata kidogo. Soketi yenye alama hiyo ibadilishwe na fundi umeme, na chaja itumie adapta madhubuti inayoendana na matundu.

Chaja isiachwe chini ya mto wala juu ya godoro, kwa kuwa hata iliyo nzima hutoa joto linalohitaji hewa ili lipungue. Umeme ukikatika ni vyema kuichomoa, kwani volti huweza kupanda ghafla unaporudi na kuipasua kapasita iliyomo, yaani kijisehemu kinachohifadhi umeme kwa muda. Ikianza kunuka plastiki ya kuungua, au ikitoa moshi, izime kwanza kwenye swichi kuu bila kuigusa, na usimwage maji kabla umeme haujakatwa.