Choo kigumu: ninachokuuliza kabla ya kukupa dawa

Siku moja asubuhi, saa nne hivi, dada mmoja aliingia dukani kwangu hapa Tabora mjini akaomba dawa ya kuzuia kuharisha. Ni ya bibi, akasema. Siku ya tatu hii anachafua nguo, yanatoka majimaji tu, tena kidogo kidogo. Mkono wangu ulishafika kwenye boksi la loperamaidi. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: bibi anatumia dawa gani nyingine? Akafungua pochi, akatoa karatasi ya tramadoli, dawa ya maumivu, iliyobaki vidonge viwili. Bibi goti linamsumbua, wamekuwa wakimpa kutwa mara tatu.

"Na kabla hajaanza kuharisha, choo alikuwa anapata?"

Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. "Kwa kweli, kaka, zinafika siku kumi."

Bibi alikuwa amefunga choo. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji, na hauachi kuyanyonya kwa sababu kinyesi kimechelewa kutoka. Kikikaa siku nyingi kinakauka, kinagandamana, kinaziba njia kama tonge la ugali uliolala. Majimaji yaliyo nyuma yake yanapenya pembeni na kutoka bila mwenyewe kujua, na watu wa nyumbani wanaona kuharisha. Ile loperamaidi ingemfunga kabisa. Nilimweleza dada, akampeleka bibi hospitali siku hiyohiyo.

Tangu niwe mfamasia, wanaoniomba "dawa ya kuendesha" ni wengi kuliko wanaoniambia choo chenyewe kikoje. Kwenda haja kubwa mara tatu kwa siku ni kawaida, na mara tatu kwa wiki pia ni kawaida, kama choo ni laini na hujikamui. Tatizo lipo pale unapopata chini ya hapo, au kinatoka vigololi kama cha mbuzi, au unatoka chooni jasho likikutiririka na bado unahisi hakijaisha.

Hapo natafuta kilichofunga. Mara nyingi ni dawa nyingine. Dawa za maumivu kama tramadoli, kodeini na mofini zote zinapunguza mwendo wa utumbo. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, nayo hufunga, na baadhi ya dawa za kiungulia zenye aluminiamu. Mama mjamzito ana mambo mawili kwa pamoja: homoni za ujauzito zinalegeza utumbo, na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki vinakaza choo na kukifanya cheusi. Mama yangu, tafadhali usiviache vidonge hivyo. Sema kliniki, utasaidiwa choo huku damu yako ikiendelea kulindwa.

Kisha nauliza chakula, na hapa Tabora jibu ni ugali wa sembe. Mahindi yakikobolewa, pumba inakwenda kwa mifugo, na pumba ndiyo iliyokuwa inakipa choo ujazo na kushika maji. Ninawaomba watu warudi kwenye dona, hata kwa mlo mmoja wa siku. Maharage, kunde, mlenda, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), papai, embe msimu wake ukifika: vyote tunavyo, na havihitaji kuagizwa mbali. Ila ongeza taratibu, kwa wiki mbili hivi, na unywe maji, maana nyuzinyuzi bila maji zinajaza tumbo gesi na kukaza zaidi. Miezi ya Septemba na Oktoba, jua la hapa likiwaka kabla ya mvua, anayeandaa shamba la tumbaku anatoka jasho kutwa nzima na mkojo wake unakuwa wa njano iliyokolea. Rangi hiyo ikuambie kwamba utumbo nao unakamua kila tone. Kwa mgonjwa kama yule bibi, ambaye njia imeshaziba, nyuzinyuzi zisubiri kwanza. Kumwongezea ni kurundika mzigo mlangoni.

Liko jambo lisilogharimu hata shilingi na watu hawalitumii. Chakula kikiingia tumboni, hasa cha asubuhi, utumbo mpana unaamka na kusukuma. Kunywa chai au uji, kisha ndani ya nusu saa nenda chooni, hata kama haja haijakubana sana. Ukijizuia, ule msukumo unapita, kinyesi kinarudi kukaushwa. Anayepanda treni kwenda Dar es Salaam anajizuia safari nzima. Mtoto ambaye choo cha shule hakina mlango anajizuia hadi arudi nyumbani, na akishaumia mara moja anaogopa, anajizuia zaidi. Ukimwona mtoto anabana miguu na kusimama kwa vidole, huyo hasukumi, anazuia. Asichapwe.

Kuchuchumaa kunanyoosha njia, ndiyo maana choo chetu cha shimo kina faida yake. Mwenye magoti mabovu anayekaa kwenye choo cha kiti aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, aegemee mbele kidogo.

Sasa dawa. Laktulosi ni sharubati ya sukari ambayo utumbo mdogo hauwezi kuimeng'enya, kwa hiyo inafika chini na kuvuta maji. Mtu mzima huanza na mililita 15 mara mbili kwa siku. Inachukua siku mbili au tatu, na mwanzoni inaleta gesi, kwa hiyo usikate tamaa usiku wa kwanza ukadhani haifanyi kazi. Bisakodili yenyewe inauchapa utumbo usukume. Kidonge kimoja au viwili vya miligramu 5 usiku, choo kinakuja baada ya saa 6 hadi 12. Kimeze kizima, na usikichanganye na maziwa wala dawa ya kiungulia, kwa sababu ganda lake litayeyuka mapema na tumbo litakusokota.

Chumvi ya haluli, ile chumvi ya magnesiamu ya kuendesha, simpi mwenye ugonjwa wa figo, na mafuta ya nyonyo simpi mjamzito, kwa kuwa yanaweza kuamsha uchungu. Ninapinga pia desturi ya "kusafisha tumbo" kila mwezi. Dawa kali ikishakomba utumbo wote, zinahitajika siku kadhaa ujae tena. Mtu anaona siku mbili zimepita kimya, anadhani amefunga, anameza tena. Nimeona walioanza hivyo wakafika miaka hawajui choo chao cha kawaida kinakuja lini. Na mtoto mchanga asipigwe bomba la mitishamba wala kuwekewa kipande cha sabuni. Anayenyonya maziwa ya mama tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikija laini hana tatizo. Aliyezaliwa tu ni habari nyingine: siku ya kwanza ikipita bila choo cheusi, mwambieni muuguzi.

Tumbo likivimba, likauma, ukatapika na hata ushuzi hautoki, usimeze dawa ya kuendesha hata moja. Huenda utumbo umejisokota, na dawa inayosukuma inaweza kuupasua. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, au choo kubadilika ghafla baada ya miaka 50 navyo vinataka daktari, hata kama unajua una bawasiri.

Bibi alikaa hospitali siku mbili. Walimtoa lile tonge kwa mkono wenye glavu, taratibu, kisha wakampiga bomba. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, ameshikwa mkono na mjukuu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaweka mezani karatasi mpya ya daktari: tramadoli, kwa siku ambazo goti limezidi tu, na chini yake laktulosi, ianze siku hiyohiyo.